Kwa Nini Panya Huchukua Bila Kuomba

Zamani, panya alikuwa bado hajavuka kizingiti cha mtu. Yeye aliishi nyasini, binadamu akaishi ndani, na kila mmoja alimwona mwenzake kwa mbali, kama uonavyo moshi wa kijiji cha pili.

Aliyeanza mchezo ni Kalunde, mke wa Mihambo. Jioni alipokaa mlangoni kubangua njugu mawe, aliviringisha moja nje. Panya mdogo wa porini akatoka nyasini, akaisukuma kwa pua hadi kizingitini, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akingoja. Kalunde akairudisha. Tangu hapo wakawa wanacheza kila jioni, mpaka giza liwafute wote wawili.

"Mke wangu, unachezea mbegu," Mihambo alimwambia.

"Nacheza na mtani wangu. Njoo, zamu yako."

Mihambo alikuwa na mpini wa kuchonga. Hakwenda.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Kalunde aliugua, akafa.

Desturi ya pale ilikuwa hivi: tanga haliondolewi mpaka mfiwa acheke, na kabla tanga halijaondolewa, hakuna jembe la kijiji liingialo udongoni. Kumchekesha mfiwa ni kazi ya watani, ukoo wa ng'ambo ya mto. Maneno yao hayajibiwi kwa hasira, na wakichukuacho nyumbani mwa msiba hakidaiwi.

Wakaja. Seni, hodari wao, akajifunga nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake. "Mihambo, huyu mama hajafa. Ameukimbia uji wako. Sisi tungekimbia mapema zaidi."

Waombolezaji wakashika mbavu. Mihambo aliitazama ile nguo tu. Seni alikuwa ameifungia upande ambao Kalunde hakuwa akifungia.

Mvua ikanyesha. Udongo ukanukia hadi ndani ya nyumba, na majembe yakabaki yameegemea kuta.

"Shemeji," dada yake Kalunde alisema kwa upole, "mvua haikai matanga."

Mihambo akajaribu kucheka, kwa ajili ya watoto wa watu ambao wangelala njaa. Seni akatikisa kichwa. "Hicho ni kikohozi, mtani. Mtafutieni dawa."

Jioni hiyo, mwanga ukiwa umechanganyika na moshi, panya alifika kizingitini. Alingoja. Hapakuwa na njugu iliyomjia. Basi akavuka, akapita polepole kati ya miguu ya waombolezaji, akapanda kwenye kibuyu cha mbegu, akashuka na njugu moja. Akaisukuma hadi kwenye kidole cha mguu cha Mihambo. Akasimama, mikono kifuani.

Mihambo hakuwa ameucheza mchezo huo hata mara moja. Aliipiga njugu kwa kidole, ikaenda upogo, ikaingia kwenye majivu.

Panya akayatazama majivu. Akamtazama Mihambo, kitambo, vilevile Kalunde alivyokuwa akimtazama kila mumewe alipojigonga kichwa juu ya mlango akiingia. Kisha akaenda kuifukua, akarudi na uso mweupe wa majivu, akaiweka tena pale pale kidoleni, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto mzito.

Mihambo akacheka. Kicheko kilitoka mbali, kikaja na machozi yake, na hakuna aliyejaribu kuvitenganisha.

"Amenishinda," Seni akasema, akiivua ile nguo na kuikunja vizuri. "Mtani wa nyumba hii ni yule."

Panya akaichukua njugu yake, fungu la mtani, akatoka bila kuaga. Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa shambani.

Na tangu siku hiyo panya huingia nyumbani mwa watu na kuchukua bila kuomba, kwa kuwa mtani haombi. Na ukimkuta amesimama katikati ya sakafu, mikono kifuani, macho kwako, usimrushie kitu. Anangoja ucheze. Zamu ni yako.