Vibanzi vya Bi Kigogota

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango na mgeni haingii bila kupiga hodi, palikuwa na Bi Kigogota, ndege asiyejua kukaa kitako. Mara yuko huku, mara yuko kule! Ko-ko-ko! Kwa mdomo wake alichonga nyumba ndani ya matawi makavu, mlango mdogo wa duara, umeinamia chini mvua isiingie. Fundi hasa!

Lakini kila alipotaga, Kenge alikuja. Mlafi yule! Msimu uliopita alimlia mayai yote, akajipangusa mdomo, akaondoka bila hata kuaga.

Sasa palikuwa na mayai mengine, na Bi Kigogota hakuwa na amani. "Mume wangu, hivi anajuaje tunapokaa? Tulihama, na bado akatufuata!"

"Tulia, mama," alisema mumewe, aliyekuwa ameyalalia mayai.

"Nitulie? Mpaka yaliwe ndiyo nitulie?"

Purrr! Akaruka. Akamkuta Kenge anaota jua juu ya jiwe. Akatua mbali kidogo.

"Shikamoo, Mzee Kenge!"

"Marahaba. Ehe, umeniletea yai?"

"Ah, mzee na utani wako! Nimekuja kukupa heko. Tundu langu liko juu, limejificha chini ya tawi, na bado unaliona. Macho hayo, mashaallah!"

Kenge akacheka, ulimi nje. "Macho gani? Nitembee nikitazama juu, shingo iniume? Mimi natazama chini! Ukichonga, unatupa vibanzi nje. Nikikuta vibanzi vipya chini ya mti, najua fundi yuko juu. Napanda, natafuta tundu, natega sikio. Makinda yakivuma vuuu, mlango ndio huo. Nakula!"

"Lo! Kumbe!"

"Na hata ukijua, utanifanya nini, kidude wewe?" Akafumba macho, akalala.

Bi Kigogota akarudi mbio. Kweli, chini ya mti wao vibanzi vimetapakaa tele! Aibu ikamshika. Nyumba anaisafisha kila siku, kumbe uchafu anautupia mlangoni!

Akaanza kubeba. Nenda rudi, nenda rudi, mpaka mabawa yakamuuma. Hakuvitupa ovyo. Alivimwaga chini ya mkuyu mkavu ng'ambo ya bonde. Huko kulikuwa na tundu lake la zamani, na nyuki walishahamia.

Kesho yake Kenge akaja, tumbo mbele. Bi Kigogota akamfuata tawi kwa tawi. Je, akiupita mkuyu? Akiupita, mayai yamekwisha!

"Ohoo, vibanzi!" Kenge akasimama. Kwaru, kwaru, kwaru, akapanda. Akatega sikio.

Vuuuuu!

"Yameshaanguliwa! Leo nyama laini! Hodi, hodi!" Hakungoja kukaribishwa. Kichwa ndani!

"Yalaaa! Mama yangu weee!" Nyuki wakamvaa puani, machoni, kwenye ulimi. Puu! Huyo chini. Akatimka kuelekea mtoni, uso umevimba, haoni anakokanyaga.

"Kigogota! Umenidanganya!"

"Mimi? Nimekuambia neno gani, mzee? Mwalimu ulikuwa wewe!"

Tangu siku hiyo Kenge akiona kibanzi tu, anageuza njia. Mayai yakaanguliwa salama, na Bi Kigogota akalia kwa furaha huku akikimbizana na wadudu wa kulisha makinda yake.

Hadithi yangu inatua hapo, wanangu, nanyi mshike hili: ukijisifu mbele ya unayemwonea, unamfundisha namna ya kujiokoa.