Kifuu cha Buku na Mkia wa Kiboko

Waliokuwapo kwenye baraza ya zahanati ya Kwembago, siku ya msaragambo wa kufyeka nyasi, ni hawa. Alikuwapo Omari Singano, mtu wa kimo na mabega, aliyeshika mashine ya kufyekea. Alikuwapo Petro Kallaghe, katekista mstaafu, pamoja na miwani yake. Alikuwapo Bi Mwajabu Sempombe, aliyetupikia uji wa tangawizi. Alikuwapo Rajabu Shemzigwa. Si Rajabu Shemzigwa wa kinu cha unga, bali binamu yake mwenye baiskeli ya kijani. Huyu alikuwa amelala. Na nilikuwapo mimi.

Mvua ilitukimbiza barazani, lakini si mvua peke yake iliyotusimamishia kazi. Mashine ile haina wembe. Ina kichwa cha duara, na ndani ya kichwa imezungushwa kamba ya plastiki ambayo ncha zake mbili hutokeza nje. Kichwa kikizunguka, ncha hizo ndizo zinazokata. Kamba ikilika, unakigusisha kichwa chini kidogo tu, nacho hutoa kamba nyingine. Omari Singano hakugusisha. Alitwanga kama mtu atwangaye kisamvu. Kamba ikatoka yote, ikajisokota, na sasa Petro Kallaghe alikuwa akiifumua fundo baada ya fundo.

"Mzee, tupe hadithi," Omari akaniambia. "La sivyo Petro atanitazama hivi hivi mpaka jioni."

"Hadithi ya mchana huotesha mkia," akasema Bi Mwajabu.

"Kwa umri wangu," nikamjibu, "mkia utanisaidia kuegemea."

Basi nikaita, nao wakaitikia kama tulivyozoea:

"Hadithi imeota!"

"Ifyekwe tuione!"

"Imeota wapi?"

"Mlangoni kwa mkubwa!"

"Nani ataifyeka?"

"Mdogo mwenye meno!"

Hapo zamani Kiboko alikuwa na mkia mrefu, mzuri, wenye kishungi mwishoni. Akitoka mtoni aliuburuta nyuma yake, swaaa, swaaa, ili wanyama wote wauone. Bonde zima la kando ya mto alilifanya ua wake. Nyasi changa alizila. Nyasi ndefu hakuzitaka, kwa sababu zilimtekenya tumbo akilala, tena ziliuficha mkia. Zikirefuka, alipiga baragumu: puuu! Wanyama wakaja msaragambo.

Msaragambo, kama mjuavyo, ni kazi ya zamu. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenyeji hupika. Lakini msaragambo wa Kiboko ulikuwa leo kwa Kiboko, kesho kwa Kiboko, na mwenyeji hakupika. Alikula.

"Huyo namjua," akasema Bi Mwajabu.

"Unamjua kwa jina?" nikamwuliza. "Kama huna jina lake, tuendelee."

Siku moja baragumu likalia, puuu! Digidigi akasema ana homa. Kobe akasema yuko njiani. Kanga hakusema neno, aliruka tu. Akabaki Buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni. Buku hakuweza kukimbia. Shimo lake lilikuwa katikati ya bonde lile lile, na mkewe Kidawa alikuwa amejifungua juzi. Watoto walikuwa hawajafumbua hata macho.

"Wewe Panya!" akaita Kiboko.

"Buku, bwana. Buku wa Shimo la Mchangani."

"Panya ni panya. Fyeka bonde lote. Jua likizama na jani moja limesimama, nitalala juu ya shimo lako. Nasikia udongo wake ni laini."

"Ndani mna watoto, bwana."

"Basi utakuwa laini zaidi."

Kiboko akazama mtoni, chubwi! Buku akachukua fyekeo. Akafyeka, fya, fya, fya. Mara, kwa! Jiwe. Akalinoa fyekeo. Akafyeka, fya, fya. Kwa! Jiwe jingine. Akanoa tena. Fya, kwa! Fyekeo likavunjika vipande viwili, na jua lilikuwa utosini.

Buku akarudi mlangoni kwake. Kidawa alikuwa ameketi akisokota kamba ya mkonge. Buku akaokota kipande cha kamba, na kwa hasira akakizungusha hewani, swii! Kikapiga jiwe, kikapinda, kikapita. Kikapiga mche wa mchicha uliokuwa mlangoni, ukakatika juu, kwi!

"Kidawa, umeona?"

"Nimeona umenikatia mchicha wangu."

"Hukuona jiwe? Chuma kiligombana na jiwe, kikavunjika. Kamba haigombani na jiwe. Inainama, inapita, inakwenda kukata mbele."

"Basi kazungushe bondeni, baba. Usinimalizie mboga."

Buku akatwaa kifuu cha nazi. Akakitoboa matundu mawili, moja huku, moja kule, yakielekeana, ili kifuu kisiyumbe kikizunguka. Ndani akaweka kipande cha mti mviringo, amekizungushia kamba, ncha mbili zikatokeza kwenye matundu. Akakifunika kwa kifuu cha pili. Akakitia mpini, na mpini akauzungusha kwa uta na ugwe, kama seremala azungushavyo keke. Vru! Vru! Nyasi zikalala chini.

Lakini baada ya kitambo kamba ikalika, ikawa fupi kama ndevu za mbuzi mchanga. Buku akafungua kifuu, akavuta kamba, akafunga. Vru! Ikalika. Akafungua, akavuta, akafunga. Jua nalo halikumngoja.

"Mume wangu," akaita Kidawa kutoka mlangoni, "njugu ukizitia shavuni, huzitoaje?"

"Najigonga kidevu."

"Na kifuu nacho kigonge kidevu."

Buku akasimama akamtazama mkewe. Kisha akaweka kijiti cha kuzuia chini ya kifuu. Ukikigonga polepole ardhini, tk, kijiti kinapanda, kamba inatoka kidogo, kijiti kinashuka, kamba inashikwa. Na kamba ikitoka zaidi ya haja, Buku mwenyewe aliinama akaikata kwa meno, ktu! Akawa anaimba:

*Vru, vru, kifuu changu,*
*kamba fupi, kazi ndefu;*
*ikilika, gonga: tk!*
*ikizidi, nina meno: ktu!*

Hapo Omari Singano alikwisha kuudaka wimbo, na "tk" na "ktu" akawa anazisema yeye, kwa sauti ya kutikisa mabati. Rajabu Shemzigwa akaamka, akauliza kama mvua imekwisha, akalala tena.

Jua lilipoanza kushuka, bonde lilikuwa jeupe kama uwanja wa ngoma. Kiboko akatoka mtoni na mkia wake, swaaa, swaaa. Akatazama kulia: hakuna jani. Akatazama kushoto: hakuna jani. Akakunja uso, maana alikwisha kuutamani ule udongo laini. Akatafuta, akatafuta, mpaka akafika mlangoni kwa Buku.

"Aha! Jani hili hapa limesimama!"

"Hicho ni kisiki cha mchicha, bwana. Ni mboga ya mama watoto."

"Kimesimama au kimelala?"

"Kimesimama, bwana. Nipe nafasi nikilaze."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kifuu hiki."

Kiboko akakitazama kifuu. Akalitazama bonde. Macho yake madogo yakawa makubwa. "Kumbe! Kwa kifuu hiki nitafyeka na ng'ambo ya mto. Nitafyeka kwa Digidigi, nitafyeka kwa Kanga, nitakula kote peke yangu. Lete hapa, Panya! Nitakifyeka kisiki mwenyewe, kisha nitalala."

Ndani ya shimo Kidawa akawakumbatia watoto.

Buku alijua jambo moja: ukitaka mkubwa asifuate neno lako, mwambie ukweli huku ukijikuna kama mwongo. "Ngoja nikujazie kamba, bwana," akasema, akaijaza ndani ya kifuu kamba yote ya Kidawa. Halafu akajikuna sikio, akatazama pembeni. "Kamba iwe fupi, bwana."

Kiboko akajisemea moyoni: huyu anataka nikate kidogo. "Itakuwa ndefu!"

Buku akajikuna kwapa. "Ugonge polepole, bwana."

"Nitagonga kwa nguvu zangu zote!"

Buku akajikuna mgongo. "Na mimi nikae karibu, bwana, kwa ajili ya meno. Kifuu hiki bila meno yangu hakijatimia."

"Ondoka! Meno yako ni punje za mtama. Yangu ni mapanga. Tazama!" Akaachama.

"Nimeyaona, bwana," akasema Buku, akasogea kando kwa adabu.

Kiboko akashika kifuu, akaimba wimbo wake:

*Vru, vru, kifuu changu,*
*kamba ndefu, kazi fupi!*

Akagonga. PU! Akagonga tena. PU! Akagonga mara ya tatu, PU! Kijiti kikapanda kisishuke. Kamba ikatoka, ikatoka, ikatoka. Swii! Ikaukamata mkia kwanza, ikauzungusha kama uzi. Swii! Ikakamata miguu ya nyuma. Swii! Ikakamata miguu ya mbele. Kiboko akayumba kulia, akayumba kushoto, akaanguka, BUUU! Vumbi lilipotua, tumbo lake lilikuwa limelala kando ya shimo. Baina ya tumbo na mlango palibaki nafasi ya kutosha kisiki cha mchicha, nacho kilikuwa bado kimesimama.

Kiboko akaachama aiume kamba iliyomfunga. Mapanga yake hayakufika. Akajinyoosha. Hayakufika.

"Panya! Nifungue!"

Kimya.

"Kipanya!"

Kimya.

"Bwana Panya!"

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," ikajibu sauti.

"Buku!"

"Buku yupi? Yuko Buku wa Kichuguuni, yuko Buku wa Mgombani, tena yuko mmoja wa kwa Mzungu."

"Buku wa Shimo la Mchangani, mume wa Kidawa!"

"Labeka, bwana," akasema Buku, akatokea.

Tulisikia mtu akipiga paja. Alikuwa Omari Singano. Alicheka mpaka kikombe cha uji kikamwagika, na Bi Mwajabu akampa kingine bila kumgombeza.

"Nikate kamba, Buku wa Shimo la Mchangani," akalia Kiboko. "Meno yako ni mazuri."

"Meno yangu ni punje za mtama, bwana."

"Ni mapanga! Ni mapanga!"

"Na bonde?"

"La wote!"

"Na shimo langu?"

"Sitalikanyaga, wala kivuli changu hakitalikanyaga!"

"Na msaragambo ujao?"

"Kwako!"

"Na mpishi?"

Kupika lilikuwa jambo gumu. Kidawa akatoa kichwa shimoni. "Asipopika asifunguliwe," akasema, akarudi kunyonyesha.

"Nitapika," akasema Kiboko.

Buku akaanza kazi. Ktu, ktu, ikafunguka miguu ya mbele. Ktu, ktu, ikafunguka miguu ya nyuma. Akafika mkiani. Pale kamba na mkia vilikuwa vimesokotana hata haikujulikana kipi ni kipi. Buku akapapasa. Akaimba polepole, *ikizidi, nina meno*. Ktu!

"Yalaaa! Mkia wangu!"

"Samahani sana, bwana. Nilidhani ni kamba iliyozidi."

Kiboko akakimbilia mtoni, chubwi! Mkia uliobaki ni ule mnaouona hata leo, mfupi kama kifundo cha mpini. Lakini ahadi ni ahadi. Baragumu lilipolia tena, wanyama wakafyeka shambani kwa Buku, na Kiboko akapika. Ugali ulikuwa na mabuje, mboga ilikuwa na mchanga. Digidigi alikula. Kanga alikula. Kobe alifika wakati wa kunawa, akakomba sufuria. Watoto wa Buku walikuwa wamefumbua macho, na kitu cha kwanza walichokiona duniani ni Kiboko akikoroga.

"Hadithi yangu nimeifyeka!" nikaita.

"Mabaki yake wapewe mbuzi!" wakaitikia.

"Na funzo?" akauliza Petro Kallaghe bila kuinua macho kwenye kamba.

"Funzo ni kwamba mkubwa daima ndiye mwenye akili, na mdogo yampasa kutulia na kutii."

"Haya! Hilo umelitoa wapi?" akasema Bi Mwajabu.

"Shuleni. Tulikuwa tukilikariri kila asubuhi, tumesimama mstari, Bwana Mkubwa akituhesabu."

"Mimi nimepata jingine," akasema Omari Singano. "Ukiiba mashine, iba na meno yake."

"Omari!" akasema Petro.

"Si funzo? Haya, mwambie Mzee alifute." Kisha akanigeukia. "Lakini Mzee, huyo Kiboko ni mimi, sivyo?"

"Kiboko ni Kiboko," nikamjibu. "Wewe ni Omari Singano."

"Na mkia wa hadithi ya mchana?" akauliza Bi Mwajabu.

"Hadithi hii haioteshi mkia. Inakata."

Petro Kallaghe alifumua fundo la mwisho, akaizungusha kamba upya ndani ya kichwa cha mashine, akaacha ncha mbili zimetokeza sawasawa. Mvua ilikuwa imekatika. Omari Singano akaivaa mashine begani, akashuka uwanjani, akaiwasha. Kamba ilipolika, alituangalia sote, mmoja mmoja. Halafu akainama na mabega yake yale, akakigusisha kichwa chini kama mtu anayeweka yai.

Tk.

Bi Mwajabu akapiga vigelegele. Omari alifyeka uwanja wote mpaka penye mawe ya kisima, akiimba kamba fupi, kazi ndefu, na Rajabu Shemzigwa akaamka akafagia.

Omari Singano alifariki Jumatano iliyofuata, nyumbani kwake. Ndiyo maana nimeanza kwa kuwataja waliokuwapo siku ile.