Njia Mbili za Bowling

Wapendwa, leo sitawapeleka Yeriko. Leo twendeni mall. Na wewe uliyeanza kusinzia, amka, maana hii inakuhusu.

Kulikuwa na kijana mmoja, engineer wa vyeti, ambaye tangu avue lile joho la graduation alikuwa hajashika kazi yoyote ila simu. Siku moja kampuni ikamwita. Walioomba walikuwa umati. Wakachujwa, wakachujwa, hadi wakabaki wawili, yeye na binti mmoja. Nafasi ni moja. Mama yake hakungoja. Alisimama kanisani akashuhudia kwamba mwanawe amepata kazi, na kanisa likapiga vigelegele. Mnaujua mzigo huo? Kushangiliwa kwa kitu ambacho bado huna?

Bosi, mama mmoja mkali, akawaambia wote wawili, "Papers zenu nimeziona, ziko safi. Mimi nataka kuona mtu akibanwa anakuwaje. Kesho tukutane bowling."

Msioijua bowling, ni kuviringisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao, liangushe pini zilizopangwa kule mwisho. Na ile njia hupakwa mafuta, kidogo sana, hata ukiinama huyaoni. Penye mafuta, tufe huteleza likanyooka. Mafuta yakiisha, mbao hulikamata, likapinda mapema na kutumbukia kwenye mtaro ulio kando ya njia. Na kila anayetupa huondoka na mafuta kidogo. Anayekuja asubuhi na anayekuja jioni hawachezi njia moja, hata kama macho yanasema ni ileile.

Kijana akapewa njia iliyochezewa kutwa na watoto wa birthday. Binti akapewa iliyotoka kupakwa.

Tufe la kwanza la kijana: mtaro wa kushoto. La pili: mtaro uleule. Jasho likamtoka hadi vidole vikateleza kwenye matundu ya tufe. Simu ikatetemeka mfukoni. Alijua ni mama, na alijua anauliza nini. Kule kwa binti, pini zilikuwa zikilala chini kama zimechoka kusimama.

"Engineer!" bosi akacheka. "Mpira tu umekushinda, mitambo yangu utaiweza?"

"Nitarekebisha, madam," akasema, akachukua tufe jingine.

Binti akamgeukia. "Pole, kaka. Vuta pumzi kwanza."

Pole yako kaa nayo, kijana akawaza. Ndipo akaona. Kila tufe la binti linarudi liking'aa mafuta, naye analifuta kwa kitambaa. La kwake linarudi kavu kama ukucha. Kumbe si mkono wake! Hasira ikampanda hadi masikioni: yaani watu hawa wananipima kwa njia ambayo hawajaikagua, halafu waniite bure? Lakini alitumia akili. Akasogeza miguu kushoto, akalenga kulia, akaiacha njia ipinde tufe itakavyo. Pini zikaanza kuanguka, chache, kisha nyingi. Bado alikuwa nyuma sana.

"Haya, nusu imeisha," bosi akasema. "Badilishaneni njia."

Kwenye mafuta, kijana alitupa akiwa amesimama katikati tu. Pini zote chini. Binti akatupa kule kukavu. Mtaro. Akatupa tena. Mtaro. Akamjia kijana, macho yamemtoka, akanong'ona, "Kaka, please, hii njia ina nini? Ulikuwa unasimama wapi?"

Wewe ungemjibu nini? Usiniambie haraka. Nafasi ni moja, na mama ameshashuhudia.

Kijana akatazama ubao wa alama. Akasema, "Haina kitu, dada. Rusha tu kawaida."

Najua mnachongoja. Mnangoja bosi agundue, kijana aaibike, sisi tuimbe pambio. Hakugundua! Binti aliishia mtaroni, kijana akampita kwa alama, akapewa kazi. Jumapili akaja na suti, vijana wenzake wakamzunguka: "Bro, ulifanyaje?" Akajibu, "Ni Mungu tu." Na kanisa zima likasema amina.

Kanisa hilo ni sisi. Vijana wanatujia na vyeti kwenye bahasha, wanauliza, "Anko, uliingiaje pale?" Nasi tunajibu nini? "Omba sana. Jitume. Ninyi wa siku hizi ni wavivu." Wavivu? Wewe uliingizwa na simu ya shemeji! Tulilia tulipokuwa pakavu, tukamlaumu bosi, tukailaumu serikali, tukamnunia hata Mungu. Tulipovuka tu, tukafunga midomo, tukaita ukimya wetu unyenyekevu.

Wiki hii mtoto wa mtu atakuuliza. Usimfiche nyuma ya jina la Mungu. Mwambie nani alikupigia simu. Mwambie ulichokosea, ukarekebisha nini. Huenda akajua, akapita, akachukua nafasi uliyokuwa unamwekea mwanao.

Hata hivyo, mwambie.