Ng'ombe Aliyekadiriwa Miaka Saba Baada ya Kuliwa

Hapo zamani, katika mji wa Kifunguni, palikuwa na Sultani aliyeitwa Harub, naye alikuwa mtu mwema kila alipokumbuka kuwa mwema. Siku moja alikumbuka, akajenga nyumba kubwa ya mawe nyuma ya msikiti, akatia vitanda arobaini, wapishi na wauguzi, akapiga mbiu kwamba mzee yeyote asiyejiweza na asiye na wa kumtunza aje akae humo. Mwenye mali atajilipia kwa mali yake, na asiye na kitu atapewa ruzuku, yaani gharama yake yote itatoka katika hazina ya Sultani. Watu wakamwombea dua, naye akafurahi, kisha akasahau, akaiacha kazi yote mikononi mwa karani wake mkuu.

Karani huyo aliitwa Badawi. Ndiye aliyekadiria mali ya kila mzee na kuandika nani apewe ruzuku na nani anyimwe. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na hakupenda kuondoka juu ya zulia lake. Basi aliwakadiria watu pasipo kuwatembelea. Alimwuliza huyu, akasikia kwa yule, akaandika. Ikawa mzee mwenye kuku mmoja anaandikiwa na banda, na mzee mwenye banda tupu anaandikiwa na kuku. Mwaka ulipokwisha, vitanda ishirini na vitano vilikuwa vitupu na hazina haikupungua, na Sultani akamsifu karani wake kwa uangalifu.

Katika mji huo alikuwapo bibi mkongwe, Bi Mize, aliyekuwa mpishi wa shughuli tangu ujana wake. Watoto wake wote alikwisha kuwazika, na mjukuu wake wa pekee, Zawena, aliolewa nchi ya mbali, habari zake zikakatika. Jirani yake alikuwa Vuai, msokota kamba za makumbi, fukara aliyekuwa na kanzu moja tu, na siku akiifua hukaa ndani mpaka ikauke. Watu walimdhania punguani, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Vuai alikula kwa Bi Mize miaka mingi bila kuulizwa analeta nini. Basi miguu ya bibi ilipokufa ganzi na paa la nyumba yake lilipoanguka, Vuai alimbeba mgongoni mpaka Nyumba ya Wazee. Huko akaoshwa, akapakwa mafuta, akapewa kitanda cha dirishani, akawa analala mchana kutwa kama bi harusi.

Wiki ya tatu ikaja barua. Bi Mize hakujua kusoma, akampa Vuai aliyekuja kumjulia hali.

"Imeandikwa," akasema Vuai, "mali yako ni ng'ombe dume mmoja, mnono. Kwa hiyo ruzuku huna. Uuze ng'ombe ulipe, ama uondoke kabla ya Ijumaa."

"Ng'ombe gani, mwanangu? Mimi ng'ombe wangu nilimchinja harusi ya Zawena, mwaka wa saba huu. Mji mzima ulikula!"

Kisha akajifunika kanga usoni. Alipojifunua macho yake yalikuwa mekundu. "Nirudishe nyumbani, Vuai, kabla hawajanitoa mbele za watu."

"Nyumbani paa limeanguka, bibi."

"Basi nirudishe chini ya paa lililoanguka."

Vuai hakuwa mtu wa hasira, lakini siku ile ilimpanda. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa karani Badawi, akamweleza kwamba ng'ombe aliliwa.

"Najua aliliwa," akasema karani kwa upole. "Lakini alimchinja kwa hiari yake. Na kanuni yangu ni kwamba mali aliyoitoa mtu kwa hiari yake huhesabiwa kuwa angali nayo, kwani asingeitoa angekuwa nayo."

"Naomba makadirio hayo yatazamwe upya."

"Na anayetazama upya ni mimi," akasema karani, akainamia karatasi yake kwa muda wa kumeza mate. "Nimetazama. Ni yale yale."

Basi Vuai akaenda kwa Sultani. Akamkuta barazani na wakuu wake, akapiga magoti, akaeleza habari yote toka mwanzo. Sultani hakupenda kusumbuliwa, na karani alikwisha kumtangulia kumnong'oneza.

"Wewe msokota kamba," akasema Sultani, "nikiwasikiliza wote wasioridhika sitakula wala sitalala. Amri yangu ni moja. Asiyeridhika na makadirio ailete mali yenyewe hapa barazani, niione kwa macho yangu, ipate kukadiriwa upya. Asipoileta, yaliyoandikwa yamekwisha kuandikwa."

"Nimlete ng'ombe wa Bi Mize, Seyyid yangu?"

"Umlete."

"Yule yule aliyeandikwa?"

"Yule yule! Na asipungue hata ukwato, kabla ya Ijumaa."

"Na nikimleta, karani atamkadiria mbele yako?"

"Mbele yangu na mbele ya watu."

Wakuu wote wakacheka, na karani akacheka kuliko wote. Lakini Vuai aliubusu mkono wa Sultani, akatoka mbio kama mtu aliyepewa ng'ombe kweli, na wao wakazidi kucheka.

Siku mbili Vuai alizunguka nyumba kwa nyumba, akabisha hodi na kuuliza neno moja tu, "Harusi ya Zawena ulikula nini?" Na kwa kuwa nyama haikuwa ya kila siku mjini pale, kila mtu alikumbuka. Mwadhini alikula mbavu. Mwosha maiti alikunywa supu ya kwato, akasema hajapata kunywa mfano wake tena. Mabibi wawili ndugu waligombania mkia na mpaka leo hawasemezani. Vuai akawaeleza yaliyompata Bi Mize, na kila aliyesikia akaona haya, kwa maana wote walikuwa wamekula kwake na hakuna aliyekwenda hata kumpa pole. Naye Vuai akarudi kwake, akasokota kamba ndefu kuliko zote alizopata kuzisokota maishani.

Ikawa Alhamisi asubuhi walinzi wa Sultani wakaona jambo lisilo na mfano. Watu sitini na wawili walikuja wamefuatana, kila mmoja ameshika kamba moja aliyoikokota Vuai mbele, naye akipiga mluzi na kusema, "Haya, haya, twende, taratibu!" Mwishoni kabisa watu wanne walibeba kitanda, na juu yake amekaa Bi Mize, kanga yake mpya ya kuazima.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Ng'ombe wa Bi Mize, Seyyid yangu. Uliniamuru nimlete."

"Hawa ni watu!"

"Nje ni watu, Seyyid yangu. Ndani ni ng'ombe. Huyu mwadhini ni mbavu za kushoto. Huyu bwana mrefu ni paja. Hawa mabibi wawili ni mkia, nao naomba wasikae karibu karibu. Kwato ndiye yule mwosha maiti, umeagiza zisipungue na hazikupungua." Akageuka kwa karani. "Ila Seyyid yangu atanisamehe, ng'ombe hajatimia. Nundu haimo kwenye kamba."

"Nundu iko wapi?"

"Imekaa kulia kwako, imeshika kalamu."

Baraza zima likamtazama karani Badawi, naye akawa anatazama zulia. "Ni kweli," akasema mwosha maiti, "aliila peke yake, akaomba na mafuta yaliyobaki sahanini."

Sultani akajizuia asicheke. "Mtie kamba," akasema.

Basi Vuai akampa karani ncha ya kamba, naye akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Sasa ametimia?"

"Bado, Seyyid yangu. Limebaki ini," akasema Vuai, akainama mpaka kipaji kikagusa sakafu. "Ini lilipelekwa jumbani kwa sahani ya fedha, kwa heshima. Nami siwezi kulitia kamba mpaka lenyewe liniruhusu."

Sultani aliikumbuka sahani ile. Uso ulimbadilika, na wakuu wakadhani Vuai amekwisha, lakini Sultani alishuka kitini pake, akaishika kamba mbele ya nundu.

"Haya, karani," akasema, "ng'ombe ametimia. Mkadirie. Anauzwa kiasi gani?"

Karani akatoka jasho. Akitaja bei, ndiyo kusema Sultani auzwe sokoni. Akanong'ona, "Ng'ombe huyu... hana thamani, Seyyid yangu."

"Mimi sina thamani?"

"Hasha! Ana thamani kubwa sana, isiyokadirika!"

"Basi Bi Mize ni tajiri kupita hazina yangu, kwa kuwa ananimiliki mimi pamoja na wewe. Atupeleke wapi? Machinjioni?"

Karani akaanguka kifudifudi. "Ng'ombe hayupo, Seyyid yangu. Ng'ombe aliliwa!"

"Hilo ndilo aliloambiwa tangu Jumatatu," akasema Vuai.

Sultani akamgeukia Bi Mize pale kitandani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimekula kwako, nawe umefukuzwa kwangu. Niwie radhi. Na ini lile, wallahi, nalikumbuka utamu wake mpaka leo."

Bi Mize akaitengeneza kanga yake. "Nimekuwia radhi, mwanangu. Lakini na mimi niseme ukweli, nisife nao. Ini lilichukuliwa na paka. Ulilokula wewe ni pafu, nililitia pilipili manga nyingi."

Hapo Sultani hakujiweza tena. Alicheka mpaka kilemba kikafunguka, na mwadhini akacheka, na mabibi wawili wa mkia wakacheka wameegemeana, wakasahau kwamba hawasemezani.

Alipopata pumzi Sultani akatoa hukumu. Ng'ombe afutwe, na Bi Mize apewe ruzuku kamili siku zote za uhai wake, na kitanda kile kile cha dirishani. Kanuni ya mali iliyotolewa ikachanwa pale pale. Na karani Badawi akaamriwa aende kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akawatazame upya kwa macho wazee wote aliowanyima ruzuku, kabla hajakaa tena juu ya zulia. Ilimchukua miezi miwili, akakonda, na vitanda vyote arobaini vikajaa.

Lakini siku ile ile, pale barazani, Sultani akamwuliza Vuai, "Nawe wataka nini?"

"Kanzu ya pili, Seyyid yangu, nipate kutoka nje siku ya kufua. Ila naogopa. Nami nitazeeka, na siku hiyo nitaambiwa nina kanzu mbili."

Sultani akavua joho lake la kitani, akamvika kwa mikono yake, akaagiza aletewe na kanzu kumi. Karani, kwa mazoea ya miaka, akachovya kalamu wino.

"Niandike, Seyyid yangu?"

"Weka kalamu chini, Badawi," akasema Sultani, "ukasaidie kumbeba mama yule na kitanda chake."

Basi karani akabeba, upande wa miguuni, mpaka Nyumba ya Wazee. Nami hapa ndipo nilipoishia kusimuliwa. Mwenye kujua zaidi na aongeze yeye.