Kwa Nini Nyamera Husimama Kichuguuni

Laza fimbo hiyo, Mahewa! Nani kakufundisha kumpita nyamera na fimbo juu? Kaeni chini wote, ng'ombe wapumzike, niwaambie jambo ambalo mama zenu walipaswa kuwaambia.

Kabla mbuga hii haijakanyagwa na ng'ombe hata mmoja, nyamera walikuwa koo mbili, wa kaka na wa dada yake. Kaka alikuwa na pembe ndefu kama fimbo hizi zenu. Dada alikuwa mwekundu mwili mzima, hana doa.

Ukaja ukame mbaya. Kaka akasema, "Mdogo wangu, nakwenda na watoto wangu kutafuta maji. Wewe simama juu ya kichuguu hiki. Vumbi likituchanganya, wewe ndiye alama yetu. Usishuke."

"Sishuki, kaka. Nenda salama."

Akasimama siku tisa, udongo wa manjano ukamganda miguuni. Siku ya kumi akaona majani mabichi yamechomoza bondeni, nyuma ya kichuguu. Njaa haina adabu, wajukuu zangu. Akajiambia, tonge moja tu. Akashuka.

Tonge moja likawa mawili, mawili yakawa shibe. Aliporudi akakuta nyayo za kaka yake na ukoo wake wote zimepita palepale, zikielekea jangwani. Walikiona kichuguu kitupu, wakadhani wamepotea, wakaendelea. Aliita mpaka sauti ikamkauka, akabaki kupiga chafya tu. Hakurudi hata mmoja. Pembe zao tunaziokota kwenye kingo za mto, zimeshakuwa mawe.

Jamani, uchungu ule! Alikaa matanga juu ya nyasi zilizoungua, akijigaragaza, masizi yakamshika mapajani na mabegani. Kisha akapanda tena kichuguuni.

Na tangu siku hiyo nyamera ana weusi wa msiba mapajani na manjano ya udongo miguuni, na akiona kichuguu lazima akipande. Watu husema anamchungulia simba. Simba anamwona, kweli, lakini siye anayemtafuta.

Ndiyo maana sisi tukimpita huilaza fimbo. Ukiisimamisha, kwa mbali ataona pembe. Atashuka mbio kwa furaha, Mahewa, akufikie, akute ni wewe tu.