Chungu cha Nakijwa, Ng'ambo ya Mlima

"Mvua ya nchi haisemwi na chungu kimoja." Jana mliisikia barazani, mkacheka na kuniuliza vyungu vimeanza kusema lini. Haya, tulieni niwape asili yake.

Zamani huko Upare hakuna aliyepanda kabla ya baragumu. Chungu cha kupimia mvua kilikaa uani kwa mfumwa, mtawala wa milima ile. Maji yakifika pingili ya pili ya kidole cha mzee Kisaka, alipuliza baragumu na nchi nzima ikapanda siku hiyo hiyo.

Nakijwa, mfinyanzi wa upande wa machweo, alitii mwaka mmoja, lakini kwake mvua haikufika, mbegu zake zikaungua ardhini. Mwaka uliofuata alibakiwa na kikapu kimoja cha mtama na watoto wanne. Akafinyanga vyungu vitano vya kimo kimoja, akaomba viwekwe vijiji vitano. Mfumwa alikubali, Kisaka alinuna.

Baada ya mvua ya kwanza, vyungu vikaletwa uani.

"Tuyachanganye maji, tuyagawe sawa," alisema Kisaka. "Kila chungu kitafika pingili ya pili. Twendeni tukapande!"

"Baba, changu kina umande tu," Nakijwa alisema. "Ukinijazia chungu hapa, shamba langu kule litalowa?"

Watu wakacheka. Mfumwa hakucheka. "Basi kila kijiji kisicho na chungu kifuate kilicho karibu nacho."

"Mfumwa wangu, dada yangu yuko karibu na chungu chako kuliko changu. Ila kati yenu kuna mlima, na mvua huutua mzigo wake kabla ya kuvuka."

Akachota majivu, akachora mlima, kisha mistari ya kuunganisha mahali penye maji sawa, ikipinda kuufuata mlima. Nchi nzima ikaonekana pale chini: huku wapande leo, kule wangoje.

"Na mvua isipovuka?" Kisaka aliuliza.

"Nitakuwa na mbegu bado."

Vyungu vikarudishwa vijijini, upande wa mawio wakapanda. Nakijwa aliwaonea wivu, na moyo ulimuuma kila watoto walipokitazama kile kikapu. Siku ya kumi na tatu mvua ikavuka. Aliyekuja kuchovya kidole chunguni mwake alikuwa Kisaka mwenyewe, amelowa chapachapa, baragumu kwapani.

"Panda, mwanangu," akasema. "Miaka yote nimeupulizia ua wa mfumwa nikidhani ndiyo nchi. Kumbe mvua ya nchi haisemwi na chungu kimoja."