Mwinyi Zahoro na Bakuli la Maji

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Mbona pakawa yenu inakatika njiani kama ya mtu aliyepanda kilima? Hadithi ya leo ni ya pumzi. Vuteni, kisha mzitoe. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, ndiyo hiyo. Wewe pale, sogeza kuni ndani, moto unatutoka.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakigombana kwa lugha moja, palikuwa na mji ukiitwa Mbirimbi. Mji huo ulikuwa na desturi yake. Jumbe, mkuu wa mji, akifa, cheo chake cha ujumbe hakipewi mwenye mali, wala mwenye ndevu, wala mwenye wajomba wengi. Anayeutaka husimama kisimani, hutia zumari mdomoni, hupiga akitembea mpaka uwanjani, na watu humfuata kwa ngoma na vigelegele. Zumari isikate. Ikikata hata kwa kiasi cha kupiga chafya, basi, ujumbe umempita. Wazee walisema mtu asiyeweza kuwatolea watu pumzi yake, kesho hatawatolea kitu kingine.

Jumbe akafa. Wazee wakasema, "Miezi mitatu, kisha tutafute mwingine."

Katika mji huo aliishi Mwinyi Zahoro. Bwana huyu alikuwa na kila kitu isipokuwa kazi. Viatu alivalishwa, chakula alipakuliwa, na akiwashwa mgongo aliita mtu. Sasa akautaka ujumbe. Akautaka mpaka wali ukamshinda kumeza, na wali haukuwa na kawaida ya kumshinda.

"Mke wangu," akamwambia Bi Mwajabu, "mimi nitakuwa Jumbe."

"Zumari unaijua?"

"Nitajifunza."

"Wewe?" Bi Mwajabu akaacha kuchambua mchele. "Wewe hata uji hujipulizii."

Zahoro akanuna, akapanda punda wake, huyoo, mpaka kwa Fundi Vuai, nyuma ya mashamba ya mihogo. Fundi Vuai ndiye aliyekuwa bingwa wa zumari, na alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alifundisha mmoja mmoja, kibarazani kwake, na hakumsifu mtu. Akichukizwa hutema tumbaku karibu na mguu wako, ujue mwenyewe.

Zahoro akashuka, akakohoa kibwana, akanyoosha mkono apewe zumari. Fundi akampa bakuli la maji na kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu ndani.

"Hiki nini, Fundi?"

"Darasa. Tia kikonyo majini, upulize maji yatoe mapovu. Mashavu yakijaa, vuta pumzi kwa pua huku mdomo ukiendelea kupuliza. Siku mapovu yatakapokuwa hayakatiki, nitakupa zumari." Kisha akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza:

*Pumzi ingia, pumzi toka,*
*Asiyekata ndiye atafika.*

Zahoro akapuliza. Bu, bu, bu... kimya. Akapuliza tena. Bu, bu... maji yakamwingia puani. Akapuliza mara ya tatu, akayameza, akakohoa mpaka kofia ikaangukia bakulini.

Punda aliyekuwa amefungwa pale akashindwa kujizuia, akacheka. Mnakijua kicheko cha punda: hii akivuta, haa akitoa, hakuna mahali panaponyamaza. Fundi Vuai akageuza shingo, akamtazama yule mnyama kwa muda mrefu.

Asubuhi ya pili Zahoro akamwita punda. "Nimefikiri," akasema, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni. "Kupuliza maji ni kazi. Kazi ni yako. Nenda kwa Fundi ukajifunze kwa niaba yangu. Ikifika zumari yenyewe, nitaendelea mimi."

"Na maji ya kisimani, bwana?"

"Utachota ukirudi."

Punda akaenda. Fundi Vuai akamtazama miguu minne yote.

"Bwana wako yuko wapi?"

"Kalala, Fundi."

"Mimi namfundisha aliyekuja. Keti."

Siku ya kwanza punda aliona haya. Siku ya pili akaona haya kidogo. Siku ya tatu akasahau kwamba ametumwa. Alikuwa amekwisha kubeba chokaa, boriti, nazi, na Zahoro mwenyewe ambaye alizidi vyote uzito, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia, "Hapo umekosea, rudia." Alimpenda Fundi kwa neno hilo. Akawa anachota maji jioni, huku njiani akivuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, mitungi ikigongana mgongoni.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Zahoro akamuuliza, "Tumefika wapi?"

"Tumefika povu la mia, bwana."

"Tunakwenda vizuri," akasema Zahoro, akajinunulia kofia ya viua, ile yenye tarizi.

Mwisho wa mwezi wa pili akauliza, "Tumefika wapi?"

"Mapovu hayakatiki tena, bwana. Fundi ametupa zumari."

Hapo Zahoro akataka kwenda mwenyewe, kweli alitaka, lakini siku hiyo palikuwa na jua. Akajinunulia joho.

Mwisho wa mwezi wa tatu akauliza, "Tumefika wapi?"

"Tumefika mwisho, bwana. Fundi anasema hana la kutuongezea."

"Nilijua nina kipaji!" Akajinunulia zumari ya mpingo yenye pete za fedha, akaitundika ukutani wageni waione.

Nani huyo anauliza punda alizibaje matundu ya zumari kwa kwato? Ahaa. Punda kusema umekubali, kwato ndizo zimekukwama kooni? Nyamaza, tuendelee.

Bi Mwajabu naye alimuuliza, "Mume wangu, hiyo zumari umeipuliza hata mara moja?"

"Fundi mwenyewe kasema nimemaliza!"

"Kamwambia nani?"

Zahoro akainua kidevu. Alikuwa anapakwa mafuta ya ndevu.

Siku ikafika. Mbirimbi nzima ikajaa kisimani, wenye miguu miwili na wenye minne. Mwinyi Zahoro akaja amepanda punda, joho linameta, kofia inameta, zumari inameta. Watu wakasema, "Leo ni leo!" Mzee Mbwarali, msemaji wa wazee, akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

Zahoro akashuka, akatia zumari mdomoni, akapuliza. *Fyuuu.* Ukatoka upepo mtupu. Mbuzi mmoja akamuuliza mwenzake kama kuna mvua inakuja.

Akapuliza mara ya pili. *Pwee!* Mtoto mchanga akaanza kulia, mama yake akamziba masikio.

Akapuliza mara ya tatu, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. *Pwe-pwe-kwii*, kisha kimya, kisha kikohozi. Kunguru akacheka juu ya paa mpaka akateleza.

"Zumari imepata baridi!" akasema Zahoro. "Mimi nimesoma miezi mitatu! Muulizeni Fundi Vuai!"

Fundi akatema tumbaku. Ikatua karibu sana na kiatu cha Zahoro. "Nimefundisha miezi mitatu, ni kweli. Lakini bwana huyu nilimwona siku moja, akanywa maji yangu, akaenda zake. Mtaka cha mvunguni huinama mwenyewe, hainamishi punda."

Watu wakaangua kicheko. Zahoro akamtupia punda zumari. "Piga wewe! Piga kwa niaba yangu! Waonyeshe nilichojifunza!"

Punda akawatazama wazee. Mzee Mbwarali akakuna kidevu. "Desturi inasema anayeutaka husimama kisimani akapiga. Haikusema awe na miguu mingapi."

Basi punda akatia zumari mdomoni. Mashavu yakajaa, pua zikafunguka, na sauti ikatoka nyembamba, kisha ikanenepa, kisha ikawachukua watu wote viunoni. Akapita sokoni, haikukata. Akapita kwa wahunzi, haikukata. Akapanda kilima cha makaburini, kile kilichowashinda majumbe watatu watarajiwa, haikukata. Wanawake wakapiga vigelegele, vikongwe wakatupa mikongojo. Na mbele ya wote alikuwa akitembea Mwinyi Zahoro, joho likipepea, akipungia watu mkono kushoto na kulia, akiitikia sifa.

Wakafika uwanjani. Kilemba cha ujumbe kikaletwa kwenye sinia. Zahoro akavua kofia, akainamisha kichwa, akafumba macho. Akangoja. Akangoja sana. Alipofumbua jicho moja, kilemba kilikuwa kimepita juu ya kichwa chake, na wazee walikuwa wanahangaika na masikio marefu.

"Yafunikwe au yabaki nje?" mmoja akauliza.

"Yaacheni nje," akasema punda. "Majumbe wenu wote mliwafunga kilemba mpaka masikioni, halafu mnalalamika hawakuwasikia."

"Punda ni wangu!" Zahoro akapiga kelele. "Kwa hiyo na ujumbe ni wangu! Na mnakumbuka, jamani, shukrani ya punda ni mateke!"

Hakuna aliyegeuka. Wale wale ambao jana walimchapa punda bakora apishe njia, leo walikuwa foleni na halua mkononi, wakimwita Maulana. Ndivyo watu walivyo, na nyinyi msijifanye hamuwajui.

Zahoro akarudi nyumbani kwa miguu, ndiyo mara yake ya kwanza, malengelenge yakamjaa nyayoni. Akamkuta Bi Mwajabu mlangoni, mikono kiunoni. Habari ilikwishamfikia. Alimtazama mumewe toka kofia mpaka vumbi, na wala hakumcheka. Aliingia ndani, akatoka na mtungi mtupu, akamtwika kichwani juu ya kofia ya viua.

"Haya, kisimani, kabla jua halijazama," akasema. "Mbebaji wetu kapata kazi mjini."

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mtungi. Kama ni tamu, chukueni wote. Kama ni chungu, kila mmoja achukue yake.